Gunia Jema ni Sehemu ya Mali



Jioni hii napenda kuzungumza nanyi habari ya kitu ambacho wengi wetu hukikalia bila kukitazama, nacho ni gunia. Maneno yangu yawahusu hasa wale waliopewa amana ya kununua magunia kwa ajili ya vyama vya wakulima wa kahawa.

Mkulima wa Kilimanjaro huchuma buni nyekundu moja moja, huzimenya, huziosha, kisha huzianika juu ya vichanja na kuzigeuza siku baada ya siku. Mwisho wake, kazi hiyo yote hutiwa katika gunia la kilo 60 ambalo hakulichagua yeye. Likiwa baya, jasho la mwaka mzima laharibika mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo sababu nasema kwamba mnunuzi wa magunia ameshika riziki ya watu.

Kahawa ina tabia ya kunywa harufu ya kila kilicho karibu nayo. Magunia mengi hufumwa kwa nyuzi za juti, mmea ulimwao sana India na Bangladesh, na nyuzi hizo hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa. Zamani yalitumiwa mafuta ya madini, ndugu ya mafuta ya taa, na harufu yake ikaingia katika chakula. Kwa hiyo mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Juti liliweka kanuni ya magunia ya chakula. Mafuta ya mimea yakipikwa na magadi makali hugeuka sabuni, lakini ya madini hayageuki. Basi wapimaji hutafuta mabaki yasiyogeuka sabuni, nayo yapasa yawe chini ya miligramu 1,250 katika kila kilo ya gunia. Mtakeni muuzaji hati ya kipimo hicho, tena iwe ya shehena ile ile mnayoinunua.

Hata hivyo, hati isiwanyime kutumia pua. Kateni kipande cha gunia, mkitie katika chupa safi pamoja na konzi ya kahawa, mfunike, mwache kutwa kucha mahali penye joto. Mfunguapo, mkisikia harufu ya mafuta au ya ukungu, msinunue.

Jambo la pili ni uzito. Pimeni magunia kadhaa yaliyotolewa katikati ya robota, wala si yale ya juu tu. Ikiwa kila gunia limezidi gramu 200 kuliko lilivyoandikwa, basi katika magunia 300 mmepungukiwa kilo 60, yaani gunia zima la kahawa. Bandu bandu huisha gogo.

Jambo la tatu ni mshono. Jazeni gunia moja, mliangushe sakafuni mara kadhaa, kisha mtazame pembe zake. Na magunia yaliyokwisha kutumika, msiyapokee ikiwa hamjui yalichukua nini. Labda yalikuwa na mbolea au dawa ya wadudu.

Najua mtaambiwa kuwa magunia ya namna hii yana bei. Ni kweli. Lakini hesabuni pia yatakayopasuka njiani, na kahawa itakayokataliwa na mnunuzi. Rahisi ghali. Agizeni mapema kabla ya mavuno, wala msimtegemee muuzaji mmoja, maana mwenye haja ya leo hana nafasi ya kuchagua. Wekeni gunia moja la mfano, lililotiwa sahihi na pande zote mbili, ili shehena ikifika mpate la kulinganisha.

Mkulima hatakuwapo ghalani siku mtakapochagua. Chagueni kana kwamba amesimama kando yenu.