Mlio wa Bunduki Kondeni kwa Jirani

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano wa Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi



Leo Chama chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu waliotangulia wamekwisha kusema juu ya ghala, mizani na malipo ya mazao, nami sitayarudia. Nimeagizwa niseme juu ya jambo moja lililo mezani mwa Halmashauri, nalo ni ombi la watu wa mjini wapendao mchezo wa kulenga shabaha, wanaotaka kukodi shamba letu la ng'ambo ya mto kwa siku za Jumamosi na Jumapili.

Kodi waliyoitaja ni nzuri. Nakiri mbele yenu kwamba niliposoma barua yao nilikuwa tayari kuandika jibu la kukubali siku ile ile. Mwenyekiti ndiye aliyenizuia, akaniambia, "Bwana Katibu, kwanza tafuta habari za waliotutangulia katika jambo hili." Nimetafuta, na habari nyingi nilizozipata ni za England, ambako ugomvi wa namna hii ni wa siku nyingi.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtambo hurusha angani visahani vidogo, viitwavyo vya udongo ingawa siku hizi hufanyizwa kwa lami na unga wa chokaa, naye mchezaji husimama mahali pake akavipiga kwa bunduki ya marisau. Ni mchezo wa heshima, huchezwa hata katika Michezo ya Olimpiki, na wachezaji wake si wahuni. Lakini wahitaji nafasi kubwa, kwa hiyo huchezwa mashambani. Na mkulima wa England, aonapo bei ya ngano au ya maziwa imeshuka, huona faida kuwakodisha wachezaji konde lake. Hata Serikali yake, katika mwongozo wa mipango, huunga mkono wakulima wanaotafuta njia nyingine za mapato. Basi tusidhani kwamba huu ni ugomvi wa watu wema na watu wabaya. Mara nyingi ni wa mkulima na mkulima mwenziwe, na kila mmoja ana haja yake.

Kule, tangu Sheria ya Mipango ya mwaka 1947, kwa kawaida mwenye ardhi hawezi kubadili matumizi ya ardhi yake bila kibali cha halmashauri ya mahali pake. Lakini amri ya mwaka 2015 yampa nafasi. Aweza kuitumia ardhi kwa jambo la muda, kama mchezo huu, kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka pasipo kuomba kibali, isipokuwa katika maeneo yaliyohifadhiwa kwa ajili ya mimea na wanyama wenye thamani kwa elimu. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Mwenye konde akisema bunduki zimelia siku 28, na jirani akisema amehesabu 40, nani ataaminiwa? Ni yule mwenye daftari.

Sisi ni watu wa mizani, basi tupime. Risasi moja ya mchezo huu kwa kawaida huwa na marisau yafikayo gramu 28, na kwa muda mrefu marisau hayo yamefanyizwa kwa madini ya risasi. Tuseme wamekuja wachezaji 40, na kila mmoja amepiga mara 100. Hizo ni risasi 4,000, yaani kilo 112 za marisau zilizoanguka kondeni kwa siku moja. Kwa siku 28 zitakuwa kilo 3,136, zaidi ya tani tatu. Madini hayo hayaozi. Ng'ombe akiyala pamoja na majani hudhurika, na ndege huyameza wakidhani ni mbegu au changarawe. Yapo marisau ya chuma, lakini hayatatumika kama hatukuyaandika katika mkataba.

Tena uko mlio. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2003 kwa maofisa wa afya ya mazingira wasema kwamba mlio upimwe kwa wastani wa milio 25 iliyo mikubwa kupita yote. Wastani huo ukiwa chini ya desibeli 55 nyumbani kwa jirani, si rahisi akaudhika. Ukipita 65, yaelekea sana ataudhika.

Na wenye kusikia si watu peke yao. Mwaka 1936 mahakama ya England iliamua kesi iliyotoka Kent, ambako mtu mmoja alifuga mbweha wenye manyoya ya thamani. Jirani yake, aliyekuwa na nia ya kuuza viwanja vya nyumba, alikasirishwa na kibao cha tangazo la shamba lile. Akamwagiza mwanawe apige bunduki karibu na mpaka katika majira ya mbweha kuzaana, kwa maana mbweha jike ashtukapo wakati huo aweza kumkataa dume, au hata kula watoto wake. Aliposhtakiwa alijitetea kwamba bunduki ililia katika ardhi yake mwenyewe. Mahakama haikumkubalia, ilimzuia, ikamtoza na fidia. Nilipoisoma kesi hiyo niliwakumbuka wanachama wetu wa ng'ambo ya mto wenye ng'ombe wa maziwa, na kina mama wafugao kuku wa mayai.

Na hata kibali cha serikali si ngao ya kila kitu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya kelele za uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki huko Suffolk, iliamua kwamba kibali cha mipango peke yake hakimpi mtu haki ya kuwaudhi jirani zake.

Lakini haki ina pande mbili. Mwongozo wa mipango wa England wa mwaka 2018 ulieleza kwamba mtu akijenga nyumba mpya karibu na shughuli iliyokuwapo zamani, yule ajaye nyuma ndiye atakiwaye kuzuia kero. Na katika Marekani, karibu majimbo yote yametunga sheria za kuvikinga viwanja vya shabaha visishtakiwe ovyo kwa ajili ya kelele. Basi tukimkaribisha mtu leo, tusimgeuke kesho.

Sasa nafika kwenye miaka kumi. Kwa sheria ya England ya mwaka 1990, matumizi ya ardhi yaliyoanzishwa pasipo kibali, yakiendelea miaka 10 mfululizo bila halmashauri kuchukua hatua, kwa kawaida hayawezi tena kuzuiwa kwa sheria ya mipango, na mwenyewe aweza kuomba cheti cha uhalali. Huo ndio umri wa Chama chetu! Kwetu Tanzania, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yampa mtu miaka 12 kufungua kesi ya kudai ardhi. Ni jambo la namna nyingine, lakini fundisho ni moja: anyamazaye muda mrefu huja akaikosa haki yake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu wanachama, sikuja kuwaambia mkatae. Kodi hiyo yaweza kutengeneza paa la ghala letu. Nasema tu kwamba tusikubali gizani. Kwanza, wanachama wanaopakana na shamba lile waulizwe kabla ya sisi wengine tulio mbali, kwa kuwa ni rahisi kuuvumilia mlio usioufikia mlango wako. Pili, tutazame mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano wa kijiji, na waombaji watuonyeshe ruhusa ya Polisi. Tatu, mkataba utaje idadi ya siku, saa za kuanza na kumaliza, upande wa kupigia, matuta ya udongo na aina ya marisau. Nne, mkataba uwe wa mwaka mmoja mmoja, na daftari ya siku za mchezo isomwe katika kila Mkutano Mkuu, kama isomwavyo hesabu ya fedha.

Barua ya waombaji ingali mezani pangu. Sitaijibu mpaka wale wa ng'ambo ya mto wamesema, nanyi nyote mmepiga kura.