Maua ya Sukari Kichiwa: Tulichojifunza Msimu wa Mvua

(Maneno tuliyosema mbele ya kamati za sharika, Kichiwa)



Mmetuomba tueleze habari za akina mama wa mapambo ya keki. Tunajua pia swali ambalo baadhi yenu mmelinong'ona: maua ya sukari ya nini, mahali ambapo watu wanalima mahindi na viazi? Tutalijibu, ila kwanza tukiri kosa letu.

Mafunzo ya kwanza tuliyapanga Januari. Sababu ilikuwa ya ofisini tu: fedha zilikuwa zimeingia na taarifa ilitakiwa Machi. Mvua hatukuifikiria. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, na huku kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu ni mwingi. Petali zilizokatwa Jumatatu zilikuwa bado laini Jumatano, na waridi la kwanza liliinamisha kichwa mbele ya mgeni. Mama mmoja akasema, "Mratibu, hata mahindi hatuaniki mvuani." Hatukuwa na la kujibu.

Mama huyohuyo, mfuga kuku, ndiye aliyetuokoa. Alitufundisha kufunga ndani ya boksi safi taa kama ile ya vifaranga, ya kizamani, inayotoa joto. Taa za sasa za kubana umeme hazifai hapo. Tangu siku hiyo maua yalikauka.

Ufundi wenyewe si siri. Sukari ya unga hukandwa na ute wa yai, mafuta magumu ya kupikia kidogo, na unga wa CMC unaofanya donge livutike bila kukatika. Husukumwa mpaka ukiinua kipande dirishani uone mwanga. Kisha kingo za petali hukandamizwa kwa kijiti chenye kichwa cha duara, zipungue unene na kujikunja zenyewe. Hapo ndipo ua hufanana na ua. Rangi ya unga hupakwa kwa brashi mwishoni.

Tafadhali lishikeni hili: CMC iuzwayo kwa watengeneza sabuni ya maji si ya kuliwa, hata kama jina ni moja. Ute wa yai uwe ule wa unga uliokaushwa, maana mbichi huweza kubeba vijidudu. Na waya wa ua usichomwe kwenye keki pasipo kuwekewa mrija.

Mwalimu alikuja na picha za waridi. Lakini mmoja wa akina mama, aliyekulia Makete akichuma pareto, alileta ua lake na kulifungua petali kwa petali. Alisema amechuma magunia mengi na hakuwahi kulitazama. Pareto yake ya sukari ndiyo kazi bora tuliyoiona. (Ya shambani isiwekwe kwenye keki, ndiyo inayotengenezewa dawa ya wadudu.)

Sasa jibu. Ua lililokauka, likihifadhiwa mbali na unyevu na mwanga mkali, hukaa miezi mingi. Mkulima anaweza kulitengeneza baada ya mavuno, akaliuza Desemba wakati wa harusi na sendofu, na wakati wa kipaimara. Mtaji wa kuanzia ni mdogo. Hata hivyo tusiwadanganye: maua ya plastiki ni bei nafuu, na wateja wa Makambako na Njombe wanalijua hilo. Kwa tulivyoona, anayepata ni yule anayeoka keki mwenyewe na kuiuza pamoja na maua yake. Wenye maua matupu wanahangaika, na wawili wameacha. Tulipaswa kuanza na jiko la kuokea.

Mafunzo yajayo tumeyaweka Agosti, mashamba yakiwa yamepumzika. Tumewaandikia wafadhili tukiomba taarifa isogezwe hadi Novemba, na fungu lililobaki linunue jiko. Majibu bado. Kila usharika utakaoleta mwanafunzi umpe boksi lenye mfuniko, na asiwe mtu aliyechaguliwa kwa sababu ni ndugu wa mjumbe.