Mezani kwa Jirani: Maisha ya Kila Siku katika Nchi ya Divai



Habari za Paris mmezisikia mara nyingi. Usiku huu twapenda kuwachukua mbali na Paris, mpaka mji mdogo wa Beaune, katika jimbo la Bourgogne, upande wa mashariki ya Ufaransa, ambako sisi watu watatu wa mwambao tumepanga nyumba moja. Wawili wetu ni Waislamu, na wa tatu ni Mkristo. Jambo hilo twalitaja mapema kwa sababu Beaune ni mji wa divai: divai ndiyo kazi ya watu, ndiyo mazungumzo yao, na, kama mtakavyosikia, imo hata ndani ya sufuria. Swali tulilofika nalo lilikuwa hili: mtu asiyeionja divai, je, aweza kupata rafiki katika nchi kama ile, au atakaa mgeni mpaka siku ya kurudi kwao?

Twasema divai, wala hatusemi mvinyo, kwa kuwa wazee wetu wengi wakisikia mvinyo hufahamu pombe kali itokayo katika mtambo, na hiyo ni kitu kingine kabisa.

Kwanza tuwaeleze nchi yenyewe. Mizabibu ya Bourgogne iliyo mashuhuri imepandwa juu ya mteremko mmoja mrefu, tokea karibu na mji wa Dijon hata kupita Beaune, na mteremko huo umekatwa vipande vipande kwa kuta za mawe na njia nyembamba. Kila kipande kina jina lake. Mwaka 2015, shirika la UNESCO lilipoviandika katika orodha ya urithi wa ulimwengu, vilihesabiwa 1,247. Liko shamba moja, Clos de Vougeot, ambalo watawa wa zamani walilizungushia ukuta. Ukubwa wake ni hektari 50 hivi, na wenye sehemu ndani yake wapita 80. Sababu yake wakulima wa kwetu wataitambua mara moja: sheria ya urithi ya Ufaransa yawapa watoto wote haki, na mzee akifa shamba hugawanywa, hata mjukuu akarithi safu chache tu za mizabibu. Basi si ajabu kumkuta mwalimu au seremala mwenye safu zake mbili tatu, azipendazo kama sisi tupendavyo minazi ya babu.

Siku ya kawaida hupita hivi. Asubuhi mtu huenda kwa mwoka mikate, naye hamwambii haja yake kabla ya kusalimu. Salamu ile ni fupi, lakini asiyeitoa huhesabiwa hana adabu, na atahudumiwa kwa uso mkavu. Mkate wenyewe una sheria yake: tangu amri ya mwaka 1993, ule uitwao mkate wa desturi ya Kifaransa hauruhusiwi kugandishwa kwa barafu wala kutiwa dawa. Saa sita adhuhuri maduka mengi ya mji mdogo hufungwa, na watu hula. Mgeni aliyezoea pirikapirika za mji mkubwa hukasirika akikuta mlango umefungwa mpaka saa nane. Sisi tuliotoka mwambao hatukukasirika hata kidogo. Jumamosi ni siku kubwa ya soko, na hapo ndipo tulipojuana na bibi mmoja mjane, jirani wa nyumba ya pili, tulipokuwa tukibishana kwa Kiswahili juu ya bei ya vitunguu saumu, naye akasimama kutusikiliza kwa sababu, alisema, hajapata kusikia watu wakibishana kwa sauti nzuri namna ile.

Baada ya wiki chache alitualika chakula cha jioni.

Tulipokea mwaliko kwa furaha, kisha tukaketi tukafikiri. Mtu aweza kuikataa bilauri, sufuria je? Chakula kikubwa cha jimbo hili ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole katika divai nyekundu. Mayai nayo wana namna ya kuyapika katika divai nyekundu. Samaki wa mito ya Saône na Doubs hupikwa mchuzi wa divai nyeupe. Jibini yao mashuhuri, Époisses, huoshwa kwa pombe kali itokanayo na makapi ya zabibu, na kitoweo chao cha sikukuu ni nyama ya nguruwe iliyogandishwa pamoja na majani ya kotimiri. Konokono hatuwataji. Twaona, basi, kwamba kumwambia mwenyeji usiku wa karamu, mbele ya wageni wengine, “hiki silali, na hiki silali,” ni kumwaibisha. Na kunyamaza ukala usichokitaka ni kujidanganya wewe na kumdanganya yeye. Mmoja wetu alikwenda kwake siku nne kabla, akabisha hodi, akamweleza wazi tunachokula na tusichokula. Bibi yule hakuuliza sababu. Alileta karatasi na kalamu, akaandika.

Wafaransa wa huko hawapendi mgeni afike kwa saa kamili. Kuna robo saa ya adabu, ili mwenyeji apate kuvua aproni. Wala si desturi nzuri kumpelekea mwenye nyumba wa Beaune chupa ya divai na kuitazamia ifunguliwe, maana yeye amekwisha kuchagua ya kwake tangu asubuhi, kwa kila chakula na chupa yake. Tulipeleka iliki na mdalasini katika mfuko mdogo.

Tulikaa mezani tokea saa mbili usiku hata karibu na saa sita. Tulianza kwa viandazi vya jibini waviitavyo gougères. Mtu angeviita vitumbua, ila huokwa, wala havikaangwi. Kisha alikuja samaki aliyekaangwa kwa siagi, bila tone la divai, pamoja na viazi vilivyookwa kwa malai. Kisha majani mabichi yaliyotiwa siki na haradali. Kisha jibini, iliyotangulia vitu vitamu, na ile Époisses iliwekwa upande wa pili wa meza. Mkate huwekwa juu ya kitambaa chenyewe, si katika sahani, na ole wake ageuzaye mkate juu chini: jirani alinyosha mkono akaugeuza, akasema kwamba zamani mkate wa namna ile uliwekwa kwa ajili ya mnyongaji.

Na divai? Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Chupa ilipofunguliwa, wageni hawakuinywa mara moja. Kwanza lilitajwa jina la kipande cha shamba. Kisha mwaka. Kisha mvua ya mwaka ule, na mawe ya barafu yaliyoanguka mwezi fulani. Kisha nani alichuma, nani alikuwa hai bado, nani alikuwa ameoa juzi tu. Chupa moja ilimleta mezani marehemu mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeikanyaga zabibu yake, na kwa muda wa nusu saa hakukusemwa neno ila juu yake. Mwenzetu Mkristo alikunywa bilauri mbili kwa muda wa saa nne, kama wengine wote. Sisi wawili tulishika bilauri za maji, za kioo kile kile chenye mguu mrefu, tukauliza maswali. Wako Wafaransa wasemao kwamba kugonganisha bilauri ya maji ni nuksi. Mgeni mmoja, mzee, alilisema hilo kwa mzaha. Jirani yetu alimjibu kwamba nuksi ni kugonganisha bila kutazamana machoni, akatutazama, akagonga.

Hatutaki mtu adhani kwamba twaipamba divai. Wafaransa wenyewe wamekwisha kuona madhara yake. Mpaka mwaka 1956 mtoto mdogo aliweza kupewa divai katika chumba cha chakula cha shule. Mwaka huo serikali ilikataza kwa walio chini ya miaka 14. Katika miaka ya 1960 Mfaransa mmoja alihesabiwa kunywa zaidi ya lita 100 za divai kwa mwaka. Leo hazifiki nusu yake. Hata hapo Beaune yenyewe divai na ugonjwa vimekuwa majirani kwa namna ya ajabu: hospitali ya kale, iliyojengwa kwa wakfu wa Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins mwaka 1443, imerithishwa mashamba ya mizabibu na watu wengi, na tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada, kwa mapipa ya lita 228, ili kuwasaidia wagonjwa. Mnada huo hufanywa Jumapili ya tatu ya Novemba, na siku ya pili yake, katika kijiji cha Meursault, hufanywa karamu iliyofufuliwa na Jules Lafon mwaka 1923, ambayo kila mgeni huja na chupa zake mwenyewe na kuwamiminia walio kushoto na kulia kwake.

Tulirudisha mwaliko. Tulipika pilau, tukaiweka pamoja na kachumbari, samaki wa kupaka na ndizi, vyote kwa mara moja, katikati ya meza. Wageni walikaa kimya, mikono mapajani, wakingoja tuwaambie kipi ni cha kwanza. Tulipowaambia hakuna cha kwanza, jirani yetu alicheka hata machozi, kisha akauliza kama yafaa kula kwa mkono. Alikula kwa mkono, vibaya sana, wala hakukubali uma. Usiku ule alitutaka tuache kumwita kwa “vous,” ule wingi wa heshima, tumwite kwa “tu,” kama watu wa nyumbani.

Ukafika Septemba, na mavuno. Zabibu zinapokamuliwa, maji yake ya siku ya kwanza ni matamu mno, wala hayajachacha. Siku chache tu zikipita huanza kutoa povu, na hapo sisi wawili huacha. Jirani alijua. Aliyateka maji yale pipani siku ile ile, akayachemsha, akayafunga katika chupa. Chini ya nyumba yake mna chumba baridi cha mawe, na kila rafu ina kibao kilichoandikwa kwa chaki jina la shamba na mwaka. Juu ya rafu ya chini kabisa, karibu na mlango, mna chupa kumi na mbili ambazo hazina jina la shamba. Ameandika mwaka, na neno moja la Kifaransa lenye maana ya “majirani.”