Daraja la Zamani: Tulitengeneze au Tujenge Jipya?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Katika mikutano ya mwaka huu jambo moja limetugawanya, nalo ni daraja la mto wetu huko nyumbani. Wengine husema livunjwe na kujengwa jipya. Wengine husema latosha kutengenezwa, na fedha itakayosalia ijenge zahanati. Kamati imeniomba nilieleze shauri hili kwa kuwa nimefanya kazi ya zege na vyuma miaka mingi. Sikuja kupendelea upande wowote. Nimekuja kueleza jinsi swali hili linavyopimwa, ili tukipeleka barua kwa wakuu wa barabara, iwe barua ya watu wanaojua wanachokiomba.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba daraja si kitu kimoja. Iko sakafu tunayopita juu yake; iko mihimili inayobeba sakafu; na ziko nguzo pamoja na misingi yake. Kila sehemu ina ugonjwa wake. Sakafu huumizwa na magurudumu na mvua. Maji yakipenya katika nyufa huzifikia nondo, nazo hushika kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huipasua zege kutoka ndani. Ugonjwa huo huonekana kwa macho, na sakafu yaweza kufanywa upya. Lakini ugonjwa wa msingi hujificha. Mto ukifurika huchimba mchanga chini ya nguzo, na maji yanapopungua hurudisha mchanga laini na matope yakalifunika shimo. Mtu akisimama ukingoni wakati wa kiangazi huona kila kitu ni salama. Basi swali la kwanza si daraja lina umri gani, bali linaugua wapi.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Daraja la Karuma juu ya Mto Nile lilijengwa mwaka 1963. Mwaka 2024 sakafu yake ilionekana kuwa imechakaa. Malori na mabasi yalizuiwa kwanza. Kisha mwezi wa Septemba daraja likafungwa, na wasafiri wakalazimika kuzunguka mbali kwa njia ya Masindi na Paraa. Sakafu ikafanywa upya, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo daraja likafunguliwa. Huo ni mfano wa kutengeneza. Lakini kumbukeni kwamba watu wa huko walilipa pia kwa njia nyingine: kwa miezi mitatu ya mafuta ya ziada, nauli kubwa na bidhaa kuchelewa. Gharama hiyo haimo katika hesabu ya mkandarasi, bali hutoka mfukoni mwa raia.

Huko Jinja mambo yalikuwa mengine. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, magari yaliyotoka Mombasa kwenda Kampala yalivuka Nile juu ya bwawa lenyewe. Barabara ile ilikuwa nyembamba, magari yakaongezeka, na mizigo ikawa mizito. Hapo hapakuwa na faida ya kubandika kiraka. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja jipya lenye urefu wa meta 525, likiwa limejengwa kando, huku njia ya zamani ikiendelea kuwavusha watu mpaka jipya likawa tayari. Nawaomba mlishike neno hilo: kando.

Juu ya mizigo niongeze jambo moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori lenye mizigo yake kufikia tani 56. Waliojenga madaraja yetu miaka ya hamsini na sitini hawakuwaza lori la namna hiyo. Daraja laweza kuwa zima katika kila jiwe lake na bado lisifae kwa kazi tunayolipa leo. Kwa hiyo hapana budi kuuliza swali la pili: tunataka libebe nini, kwa miaka mingapi?

Wako watu wanaodhani kwamba daraja jipya humaliza maneno yote. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi wa Juni mwaka 2017, daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia, huko Budalangi, liliporomoka kabla halijakamilika. Lilikuwa jipya kabisa. Upya si usalama. Usalama hutokana na kazi njema na macho yanayoangalia.

Na wako wanaodhani kwamba daraja lililosimama jana litasimama kesho. Hao nawaambia habari za Genoa, Italia. Daraja kubwa lililopita juu ya Mto Polcevera lilifunguliwa mwaka 1967. Vyuma vilivyoishikilia sakafu yake vilifunikwa kwa zege, hata kutu yake ikawa vigumu kuonekana. Katika miaka ya tisini, vyuma vya mnara mmoja vilitiwa nguvu. Vya mnara mwingine viliachwa. Tarehe 14 Agosti mwaka 2018 mnara ule ulioachwa ulianguka, na watu 43 wakafa. Upande uliotengenezwa haukuwa wa kwanza kuanguka. Basi matengenezo yana nguvu pale yanapofanywa. Hayana nguvu pale yanapoahirishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utachimba makaburi.

Sasa nirudi nyumbani. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mto ulipopanda juu ya sakafu, mimi nilikuwa ng'ambo ya kule pamoja na mama yangu mgonjwa, na dawa zake zilikuwa ng'ambo ya huku. Tulingoja siku tatu. Mungu alitusitiri. Kiangazi kilipofika nilishuka mtoni na fimbo ndefu. Nguzo ya kwanza, fimbo iligonga jiwe. Nguzo ya pili, kwa upande wa juu wa maji, fimbo ilizama mpaka mkono wangu ukaingia majini. Fimbo si kipimo cha mhandisi, wala sisemi kwamba daraja litaanguka. Nasema kwamba barua yoyote ya kuomba rangi, vyuma vya kingoni na lami, isiyotaja nguzo ile, ni kumpaka mgonjwa mafuta usoni na hali maumivu yako tumboni.

Nalipenda daraja lile. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe yake. Lakini mapenzi hayabebi lori.

Jambo la mwisho ni zito, nanyi mnisamehe. Mchanga unaochimbwa karibu na nguzo zile huteremsha kitako cha mto na kuiacha misingi wazi. Malori yanayouchukua hupita juu ya daraja lile lile. Miongoni mwetu humu wako wenye malori hayo. Mimi mwenyewe nyumba yangu imejengwa kwa mchanga wa mto ule. Hatuwezi kuilaumu Serikali mchana na usiku tukalichimba daraja.

Kwa hiyo naweka mbele ya mkutano mapendekezo manne. Kwanza, tuombe misingi ipimwe na wahandisi kabla ya mvua za masika, ndipo tuseme "jipya" au "la zamani". Pili, mpaka majibu yapatikane, tuombe malori mazito yazuiwe kupita, na wanachama wenye malori wawe wa kwanza kutii. Tatu, tukubaliane leo kwamba hakuna mwanachama atakayechimba mchanga wala kununua uliochimbwa karibu na nguzo. Nne, ikiwa msingi ni mzima, tuombe sakafu ifanywe upya na tutajiwe njia ya kuzungukia. Na ikiwa msingi umeharibika, tuombe daraja jipya lijengwe kando, ili la zamani lisifungwe kabla ya wakati, kadiri wahandisi watakavyoona lafaa kwa waendao kwa miguu.

Tena tuulize, kwa vyovyote vile, nani atalitunza. Kila lita ya petroli tununuayo ina kodi ya matengenezo ya barabara, nayo ilipandishwa mwaka 2024 kutoka Sh. 18 mpaka Sh. 25. Tunalipa. Basi tuna haki ya kuuliza, na tuna wajibu wa kuuliza kila mwaka, si mwaka wa mafuriko peke yake.

Bwana Mwenyekiti, waliobeba mawe ya daraja lile walitaka sisi tuvuke. Watoto wetu nao wana haki ya kuvuka.