ANAYEWASIMULIA WATOTO ASIDHARAULIWE

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, wake kwa waume)



Nimeombwa niseme machache juu ya waandishi wa vitabu vya watoto. Najua wamo humu wanaojiuliza: chama kina kazi ya mashamba, kina kazi ya shule na bei ya mazao, hadithi za watoto zatuhusu nini? Jibu langu nimelitoa mbali, katika nchi ya Sweden, kwa mama mmoja aliyeitwa Astrid Lindgren. Mama huyu hakupata kuwa waziri wala mbunge. Mali yake ilikuwa kalamu. Lakini waziri wa fedha alilazimika kusimama Bungeni kumjibu, na sheria ya nchi ilipewa jina lake. Basi nisikilizeni.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1907 katika shamba liitwalo Näs, karibu na mji mdogo wa Vimmerby. Baba yake alikuwa mkulima wa kukodi. Ardhi aliyoilima ilikuwa ya kanisa. Watoto wa nyumba ile walifanya kazi shambani pamoja na watumishi. Na hadithi ya kwanza iliyomshika moyo hakuipata shuleni. Aliisikia jikoni kwa mchunga ng'ombe wa shamba lile, akisomewa na binti wa mchunga huyo. Lishikeni hilo, ndugu zangu: chemchemi ya mwandishi mkubwa ilikuwa jiko la mtu wa kazi.

Alipokuwa na miaka 18, akiwa mwanafunzi wa kazi katika gazeti la mji wake, alipata mimba naye hajaolewa. Siku zile hiyo ilikuwa aibu kubwa. Akaondoka kwao akaenda Stockholm, akajifunza hatimkato na kupiga taipu. Mwezi wa Desemba 1926 alijifungua mtoto wa kiume mjini Copenhagen, Denmark, akamwacha kwa mama wa kulea, yeye akarudi kutafuta riziki ofisini. Kila alipopata nauli alipanda gari moshi kwenda kumwona. Yapata miaka mitatu ilipita kabla mtoto hajaondoka kwa mlezi yule. Sisemi haya ili kumwaibisha marehemu. Nasema ili mjue kwamba mtoto mpweke tunayemkuta mara kwa mara katika vitabu vyake hakutoka hewani.

Mwaka 1931 aliolewa, na mwaka 1934 akapata binti, Karin. Mwaka 1941 binti huyo aliugua homa ya mapafu. Akiwa kitandani akamwambia mama yake amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni mwenyewe papo hapo. Mama akasimulia. Mwaka 1944 mama aliteleza juu ya barafu akateguka mguu, na kwa kuwa hakuweza kutembea, alikaa akaiandika ile hadithi kwa hatimkato. Akaipeleka kwa kampuni kubwa ya vitabu, wakaikataa. Mwaka uliofuata akaipeleka katika mashindano ya kampuni nyingine, Rabén & Sjögren. Ikapata zawadi ya kwanza.

Kitabu chenyewe ni cha msichana wa miaka tisa anayeishi peke yake na farasi na nyani. Ana nguvu za kumwinua farasi kwa mikono yake. Polisi hawamtishi, wezi hawamtishi, na mkubwa akisema upuuzi humwuliza maswali. Mwaka 1946 profesa mmoja alikishambulia kitabu hicho gazetini, akaona ni kichafu na cha kuharibu watoto. Watoto hawakumngojea profesa. Leo vitabu vya mama huyu vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100.

Sasa nafika penye jambo linalotuhusu sisi watu wa chama. Nchi ya Sweden ilitawaliwa na Chama cha Demokrasia ya Kijamii tangu mwaka 1932, karibu bila kukatika. Chama hicho kilifanya mengi mema kwa wafanyakazi, kwa wagonjwa na kwa wazee, na Astrid Lindgren alikuwa mfuasi wake wa miaka mingi. Lakini mwaka 1976 alipiga hesabu ya kodi yake akastaajabu. Kwa jinsi sheria zilivyopandana, katika kila krona 100 za nyongeza alizopata alitakiwa atoe 102! Yaani kadiri alivyozidi kufanya kazi ndivyo alivyozidi kupoteza.

Mama huyu hakuhama nchi, wala hakuficha mapato. Alifanya alichokijua: mwezi wa Machi aliandika hadithi. Akasimulia gazetini habari za mwandishi aitwaye Pomperipossa, katika nchi ya kubuni iitwayo Monismania, aliyeipenda serikali yake mpaka siku alipoletewa hesabu ya kodi. Nchi nzima ikacheka, na katika kucheka ikaelewa. Waziri wa fedha, Gunnar Sträng, alimjibu Bungeni kwa dharau, kwamba hadithi anazijua ila mambo ya kodi hayajui. Mama akajibu kwamba waziri ndiye hodari wa hadithi, ila hesabu hakufundishwa. Heri wabadilishane kazi. Baadaye ikaonekana hesabu ya mama ilikuwa sawa.

Septemba mwaka ule ule chama kilishindwa katika uchaguzi, baada ya miaka 44. Sisemi hadithi peke yake ndiyo iliyokiangusha; watu walikuwa wakibishana pia juu ya mitambo ya nguvu za nyuklia. Lakini somo liko wazi. Chama kikikaa sana madarakani, masikio yake huzoea vigelegele. Mtu wake mwenyewe akija na malalamiko, huonekana adui. Mama huyu hakuwa adui. Hata baada ya yote hayo hakuiacha imani yake. Aliyemdharau ndiye aliyekosa.

Jambo la pili ni fimbo. Mwaka 1978 alipewa Zawadi ya Amani ya wachapishaji na wauza vitabu wa Ujerumani. Waandalizi walipoiona hotuba yake wakamwomba apokee zawadi bila kuisoma. Akawaambia kama ni hivyo haji. Wakakubali. Hotuba ile ilisema kwamba vita huanzia nyumbani, mtoto anapofundishwa kwamba mwenye nguvu ana haki ya kupiga. Akasimulia habari za mama aliyemtuma mwanawe akakate fimbo ya kuchapiwa. Mtoto akarudi analia, mkononi ana jiwe. Fimbo hakuiona, akasema, lakini jiwe hili mwaweza kunipiga nalo. Mama akalia naye; jiwe akaliweka juu ya rafu limkumbushe maisha yake yote. Tarehe 1 Julai 1979 Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza kwa sheria kumpiga mtoto, hata nyumbani. Sheria ile ilitayarishwa na wengi, lakini neno lake lilikuwa limo katika mazungumzo ya watu. Sisi twasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Ila tujiulize ni lini kufunza kuligeuka kuwa kuchapa.

Uzeeni aligombania wanyama wa mashambani, na mwaka 1988 ikatoka sheria ya kuwalinda, iliyoitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alisema haitoshi! Alifariki Stockholm tarehe 28 Januari 2002, akiwa na miaka 94.

Lakini heshima isitufunge macho. Katika kitabu kile cha 1945, baba yake Pippi ameitwa mfalme wa watu weusi katika kisiwa cha mbali, kwa neno ambalo leo ni tusi. Tena Pippi anasema kwa mzaha kwamba Kongo nzima hakuna mtu asemaye kweli. Wakati ule watu wa Kongo walikuwa wakigema mpira na kulimishwa pamba kwa amri ya Wabelgiji, wala hawakuwa na gazeti huru la kumjibu mtu. Mwaka 2015 wachapishaji wa Sweden walilitoa neno lile, wakaandika mfalme wa Bahari ya Kusini. Ni vizuri. Lakini lilikuwa limekwisha kaa miaka 70 katika vichwa vya watoto.

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu. Hadithi ile ile yenye nguvu ya kumtikisa waziri ina nguvu ya kulisingizia taifa zima. Dawa yake si kuchoma vitabu vya watu. Dawa ni sisi kuandika vyetu. Mwalimu anayejua kusimulia apewe karatasi. Bibi anayeita paukwa akaitikiwa pakawa aandikiwe maneno yake kabla hajaondoka nayo. Na siku mwandishi wetu atakapotusimulia hadithi inayotuchoma sisi wenyewe, tusimwulize katumwa na nani. Kwanza tuipige ile hesabu yake, tuone kama ni sawa.