Pishi ya Nane: Haki ya Nyumba katika Msimu wa Ibada na Sikukuu

(Hotuba mbele ya wanachama na wageni wa jumuiya)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.



Maneno ya leo yahusu jambo ambalo huonekana dogo kwa sababu liko karibu mno na macho, nalo ni haki ya nyumba katika zile siku ambazo nyumba ya mcha Mungu huwa na shughuli nyingi kuliko siku zote. Kila jumuiya ina watu wake wa kutegemewa. Ukitakiwa mchango, wao ndio wa kwanza kutoa. Akifa mgeni asiye na jamaa, wao ndio hununua sanda. Ikiingia Ramadhani, wao ndio hutandika mikeka, huchota maji, hupakua futari ya msikiti na kuhesabu vyombo baada ya watu kwenda zao. Watu hao ni neema kwa Waislamu, wala hapana awezaye kukana. Lakini liko swali ambalo ni nadra kuulizwa: je, huko nyumbani kwao kukoje?

Yafahamika kwamba mwaka wa Kiislamu huenda kwa mwandamo wa mwezi. Una siku 354 au 355, na mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Katika miaka ya 2003, 2004, 2005 na 2006 ilianguka baina ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Novemba, na katika nusu ya pili ya miaka ya 2030 itarudi tena katika miezi hiyo, inshallah. Katika nchi za mbali za kaskazini, vuli hufupisha mchana na kumpunguzia mfungaji saa zake. Bujumbura haiko hivyo. Mji huo u karibu na ikweta, na mchana wake hautofautiani sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua na shughuli za watu. Septemba shule hufunguliwa, na karo, madaftari na sare vyatakiwa kwa siku moja. Kisha mvua huanza, mapaa huvuja, na njia hujaa tope. Ramadhani ikiingia hapo, huikuta nyumba imekwisha kuchoka.

Na utwaliwe mfano wa nyumba moja katika mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu zama za Wabelgiji. Mwenye nyumba hatajwi jina, kwani aweza kuwa yeyote aliyeketi hapa. Mwaka huo ni 2005, ambapo Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Oktoba na Idi ikaja mwanzoni mwa Novemba.

Bwana huyo alikuwa fundi cherehani, na tena mshika fedha wa jumuiya ya msikiti wake. Mkewe alisomesha wasichana katika madrasa, na mchana alikuwa miongoni mwa akina mama waliopika futari ya msikiti. Walikuwa na watoto watano. Mwezi wa Septemba, shule zilipofunguliwa, mama yake yule bwana aliletwa kutoka Rumonge, mji ulio kusini kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamedhoofika na hakuweza tena kukaa peke yake. Alipewa kitanda katika chumba cha wajukuu wa kike, na mwanawe akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kupata fursa ya kumtunza mzazi.

Kisha Ramadhani ikaingia. Baada ya sala ya Alfajiri bwana yule hukaa cherehanini, kwani watu wote wataka kanzu mpya kwa Idi. Alasiri huzunguka kukusanya michango. Magharibi hufuturu msikitini pamoja na maskini na wasafiri, akihakikisha kwamba kila mtu amepata tende yake na kikombe chake cha uji. Baada ya Tarawehe huketi na wenzake kuhesabu fedha. Arudipo nyumbani, watoto wamelala. Wakati wa daku hula upesi, macho yakiwa mazito, na maneno yake si mengi. Siku zikapita namna hiyo, kumi la kwanza, na la pili, hata la tatu.

Futari ya nyumbani ililiwa bila yeye: viazi vitamu, maharage, na ndagala wa ziwani walipopatikana. Bibi ndiye aliyeketi na wajukuu mkekani. Hakuweza kuliona jua likizama, lakini aliusikia mlio wa adhana kabla yao, naye huwaambia, "Haya, semeni Bismillahi." Mdogo wao, ambaye ndiyo kwanza ajifunze kufunga nusu siku, alimwekea baba yake sambusa moja katika kisahani kila jioni. Kila asubuhi aliikuta imepoa pale pale, akaila yeye, na jioni akaweka nyingine.

Usiku wa kuamkia Idi, mwezi ulipoandama, bwana yule alifungua daftari lake la Zaka ya Fitri. Zaka hii, kama ijulikanavyo, ni pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa: mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Wakati wake bora ni kabla watu hawajatoka kwenda katika sala ya Idi. Hekima yake ni kumtakasa mfungaji na kumlisha maskini. Katika kazi hii bwana yule alikuwa mwangalifu mno. Kila mwaka alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Mwaka huu mu wangapi?" Hapa amezaliwa mtoto, pale amefariki mzee, kule bwana amehama na ahali yake. Daftari lake halikuwa na kosa.

Akapima mchele wa nyumba yake mwenyewe, pishi saba, akafunga gunia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Baba watoto," akasema, "hesabu imepungua. Humu mwetu tu wanane."

Bwana akatazama daftari. Nyumba zote alikuwa ameziandika upya, ila nyumba yake aliinakili kutoka mwaka uliopita: mume, mke na watoto watano. Akanyamaza. Na kutoka chumba cha pili sauti ya mama yake ikasikika, bila ya hasira yoyote: "Mwacheni mwanangu, ana kazi za watu."

Ndugu Waislamu, hakuna lawama ambayo ingalimchoma zaidi ya maneno hayo ya huruma. Mtu aliyejua idadi ya vichwa vya mtaa mzima hakujua idadi ya watu waliolala chini ya paa lake, na aliyesahauliwa ni yule aliyemzaa. Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Bwana yule hakujitetea. Alifungua gunia, akapima pishi ya nane kwa mkono wake, kisha akaenda akaketi chini karibu na kitanda cha mama yake. Hakutoka tena usiku ule, ingawa watu wawili walikuja kumwita. Na asubuhi ilionekana kwamba kisahani kilikuwa kitupu.

Je, jambo hili ni jipya katika Uislamu? La, si jipya. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, s.a.w., aliwaunganisha kwa udugu Salman al-Farisi na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamwona Ummu Dardaa katika mavazi duni yasiyo na mapambo. Akauliza sababu, akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana tena haja na dunia. Abu Dardaa alipomwandalia chakula na kusema kwamba yeye amefunga, Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye. Usiku alipotaka kuinuka kusali, Salman akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku akamwamsha, wakasali wote wawili. Ndipo Salman alipomweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na ahali yake wana haki juu yake, basi ampe kila mmoja haki yake. Mtume alipopata habari hiyo, alithibitisha kwamba Salman amesema kweli.

Angalieni, waheshimiwa, jinsi mambo yalivyokwenda. Salman hakuitambua dosari kwa kuzitazama sala za Abu Dardaa, kwani sala zake zilikuwa njema. Aliitambua kwa kumtazama mkewe. Na katika mfano wa Buyenzi, upungufu haukuonekana msikitini, mahali ambapo kila kitu kilikuwa sawa, bali ulionekana katika gunia la mchele, na aliyeuona alikuwa mke. Ibada ya mtu yaweza kuonekana kamili machoni pa watu, na huko nyumbani iko hesabu iliyopungua.

Mtume mwenyewe, s.a.w., alikuwa na shughuli zisizolingana na za mtu yeyote: umma, majeshi, wajumbe na wahyi. Hata hivyo Bibi Aisha, r.a., alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia ahali zake, na wakati wa sala ukifika hutoka akaenda kusali. Katika kumi la mwisho la Ramadhani alikesha usiku, na aliwaamsha ahali zake pia. Hakwenda peke yake peponi akiwaacha wao wamelala. Siku ya Idi aliamrisha wanawake wote watoke kwenda kushuhudia kheri, hata wale wasiokuwa katika hali ya kusali. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, alimsitiri Bibi Aisha nyuma ya bega lake, akasimama pale hata yeye mwenyewe alipochoka kutazama. Kiongozi wa umma alisimama ili mkewe afurahi, wala hakusema kwamba ana kazi za watu.

Mtu asidhani kwamba maneno haya yawaita watu waache utumishi wa jumuiya. Sivyo kabisa. Msikiti usio na watumishi hubaki kuta tupu. Lililokusudiwa ni kwamba kazi ipangwe, ili atumikiaye Waislamu asiwadhulumu wale walio Waislamu wa kwanza juu yake. Na kwa hilo yapo mambo manne.

Kwanza, kazi za Ramadhani na zigawanywe kwa zamu. Futari ya msikiti haihitaji mtu yule yule jioni thelathini. Vijana wapewe zamu, na kila mtumishi awe na jioni zake maalumu za kufuturu nyumbani, wala asiitwe. Na akina mama wapikao wapewe mapumziko yao, kwani wao hupika mara mbili, msikitini na nyumbani.

Pili, kabla ya mwezi kuandama, mkuu wa nyumba na awahesabu watu wake upya. Ni nani mgonjwa? Ni nani ana siku za kulipa? Ni mtoto gani aanza kufunga na ahitaji kutiwa moyo? Ni mzee gani hawezi tena kufunga, naye apaswa kutolewa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku? Hesabu hii hupatikana kwa kuketi nao, wala haipatikani katika daftari la mwaka uliopita.

Tatu, kumi la mwisho liwe la nyumba nzima. Afadhali rakaa chache ambazo mke na watoto wamo, kuliko usiku mrefu ambao mtoto haujui ila kwa kusikia mlango ukifungwa.

Nne, Idi isiwe siku ya kulala kwa uchovu. Katika sunna ni kula tende kwa idadi ya witiri kabla ya kutoka kwenda kusali Idi ya Fitri, na kurudi kwa njia isiyokuwa ile ya kwendea. Bwana yule wa Buyenzi alimshika mama yake mkono asubuhi ile, watoto wakatangulia, wakaenda kusali kwa njia moja. Walirudi kwa nyingine ndefu zaidi, huku wakipita kwa jamaa na majirani. Baada ya hapo zipo siku sita za Shawwal, ambazo fadhila yake yajulikana. Masufuria ya msikiti yamekwisha kurudishwa ghalani, na hapo nyumba yaweza kufuturu pamoja kwa utulivu.

Enyi ndugu, Ramadhani hurudi kila mwaka, lakini haiwakuti watu wale wale. Atakapoiona tena Ramadhani ya vuli, yule mtoto aliyeweka sambusa katika kisahani atakuwa mzazi mwenye watoto, na huenda naye atakuwa mshika fedha wa msikiti. Na yule bibi huenda hatakuwa tena katika hesabu ya pishi, bali katika dua za wanawe. Basi na apimiwe pishi yake sasa, na aketi mwanawe karibu yake sasa, maadam yeye asikia adhana na kusema, "Haya, semeni Bismillahi."

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba za Waislamu, awalipe watumishi wa jumuiya malipo mema, awarehemu wazazi waliotangulia, na awape walio hai nguvu ya kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.