NGOZI YAKO INA MGANGA WAKE
Hotuba ya mwanachama siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Nimepewa dakika kumi niseme habari za afya. Mimi si daktari. Nitasema yaliyonipata, maana yamo katika daftari la kikundi hiki, ila yameandikwa kwa jina jingine.

Mama Mweka Hazina akifungua daftari la mwaka 2017 ataona nilikopa mara mbili. Mara zote mbili niliandika "biashara ya vitunguu." Jamani, vitunguu havikuwapo. Nilikuwa na baka mkononi, limepauka, haliwashi wala haliumi. Dukani nikaambiwa ni fangasi, nikauziwa krimu. Ikaisha, nikanunua nyingine. Jirani akasema nimerogwa, nikaenda kwa mtaalamu, akala mkopo wa pili. Kwenye vikao nilivaa mikono mirefu hata wakati wa joto, nanyi mkanisifu kwa heshima!

Siku moja nilipika ugali, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Ilikuwa ni vidole vyangu, na mimi sina habari. Hapo ndipo nilipokwenda zahanati, na zahanati ikaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi.

Akina mama, wengi tunadhani daktari wa ngozi ni wa watu wa mjini wenye chunusi. Sivyo. Yeye hutibu ngozi yote, nywele na kucha, na hapa kwetu wengi wao wamesomea pia magonjwa ya zinaa. Upele wa watoto, pumu ya ngozi, mashilingi, nywele zinazonyonyoka, vidonda visivyopona, saratani ya ngozi inayowaua ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya jua: yote hayo ni kazi yake.

Yule daktari hakuandika dawa kwanza. Aliuliza lilianza lini, na nyumbani nani mwingine analo. Akaniomba nivue blauzi, akatazama hadi mgongoni, akahesabu mabaka saba. Mimi nililijua moja tu! Akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba, nionyeshe anapogusa. Juu ya baka sikusikia kitu. Akapapasa mishipa ya kiwiko. Wengine hukwanguliwa ngozi kidogo ikatazamwe kwa darubini, au hukatwa kipande kidogo kikapimwe.

Ulikuwa ni ukoma. Nalisema neno hilo mbele yenu leo kwa mara ya kwanza.

Nilimeza dawa miezi kumi na miwili, nikapona. Kwa mwenye mabaka machache, yasiyozidi matano, ni miezi sita. Dawa hizo ni bure. Tangu mwaka 1995 hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani. Na aliyeanza kuzimeza haambukizi tena baada ya muda mfupi, wala ukoma hauambukizwi kwa kupeana mkono au kula sahani moja. Kwa hiyo, shoga zangu, chai tuliyokunywa pamoja haikuwadhuru. Lakini vidole hivi viwili havikurudi. Ningewahi, vingekuwa vizima. Nilikopa fedha kutafuta dawa ambayo ilikuwa bure!

Sasa, utampata wapi? Anza zahanati, halafu kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya. Usiulize tu "kuna daktari?" Uliza: "Kliniki ya ngozi ni siku gani?" Kwa baka lisilo na hisia, muulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Likishindikana, omba barua ya rufaa. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na wagonjwa hutibiwa hapo. Dar es Salaam kuna Muhimbili.

Ukienda, chukua makasha ya dawa zote ulizopaka, hata mkorogo, usione haya. Krimu hizo nyingine zina steroidi, zinaficha ugonjwa na kuikonda ngozi. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo. Siku hiyo usipake mafuta wala hina.

Mwisho, nina ombi. Mfuko wetu wa jamii hutoa rambirambi haraka sana. Naomba utoe pia nauli ya kwenda kliniki, na mwanachama asilazimike kusema ni vitunguu. Kiongozi mmoja ajue, atunze siri, basi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilinifichua chungu cha ugali.

Leo usiku, kabla hujalala, mtazame mwanao mgongoni, naye akutazame wewe. Haina gharama.

Mikopo yote miwili nimeshailipa, na riba yake. Deni lililobaki lilikuwa hili la kuwaambia ukweli, nalo nimelilipa leo.